TAMISEMI ni nani hasa, na kwanini inahamahama ofisi

Mvua ya juzi iliondoka na karavati la mtaani kwetu. Haikulivunja, ililing'oa zima zima, asubuhi tukalikuta limeegemea ukuta wa jirani kule bondeni kama mlevi anayesubiri kupambazuke. Grupu la mtaa likawaka. Wa kwanza akasema aambiwe mwenyekiti, wa pili akasema mwenyekiti hana hata hela ya wino wa muhuri hiyo ni ya diwani, wa tatu akataka DC aje ajionee mwenyewe na viatu vyake, halafu mzee mmoja mstaafu akafunga mjadala kwa herufi kubwa: HIYO NI KAZI YA TAMISEMI. Kimya. Hilo jina lina uchawi wake, likishatajwa kila mtu anaona jibu limepatikana, wakati ukimuuliza huyo huyo aliyelitaja "sawa mzee wangu, TAMISEMI nani, tunaanzia mlango gani" anakuachia tiki za bluu.

Na wala simlaumu. Muulize aliyemaliza kidato cha nne TAMISEMI ni nini, atakwambia ni pale unapoangalia umepangiwa shule gani. Mwalimu atakwambia ndo wenye uhamisho. Nesi wa zahanati hivyo hivyo. Mpinzani atakwambia ndo refa wa uchaguzi wa mitaa, tena refa mwenye jezi. Wote wana kipande cha ukweli na hakuna mwenye picha nzima, so ngoja tulifungue hili furushi taratibu.

Tuanze na jina lenyewe. TAMISEMI ni Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Rudia kusoma polepole. Kuna Tawala za Mikoa, kuna "na", halafu kuna Serikali za Mitaa. Watu tunaitamka kama kitu kimoja kumbe ni viwili, na sio viwili vya kufanana, ni viwili vinavyotazamana. Mimi naamini vurugu yote ya hii ofisi na historia yake yote imejificha kwenye hako ka "na" ka katikati.

Tawala za mikoa ni mkono wa serikali kuu ulionyooshwa kuja chini. Rais anateua mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, pembeni yao wapo makatibu tawala, yule wa mkoa ofisini wanamwita RAS na wa wilaya DAS, na chini huko kuna afisa tarafa. Hakuna hapo aliyepigiwa kura na mtu. Ule mkeka wa uteuzi unaotoka Ikulu usiku watu wanaanza kutafuta majina ya ndugu zao, mwingi wake ndo huu upande.

Serikali za mitaa zenyewe zinatakiwa zitoke chini kwenda juu. Wananchi wa kata wanamchagua diwani, madiwani wanakaa baraza, baraza linaongoza halmashauri. Halmashauri inaweza kuwa ya wilaya, ya mji, ya manispaa au ya jiji, na Tanzania Bara nzima zipo 184. Chini ya hizo kuna vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji vyake, na kwa mjini kuna mitaa zaidi ya 4,000. Halmashauri ni chombo kamili, kina bajeti yake, kinatunga sheria ndogo, kinakusanya ushuru wa mazao na leseni za biashara na ule ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo, na kinashtaki na kushtakiwa kwa jina lake.

Hapo kwenye neno mitaa nako kuna mtego. Kwenye "serikali za mitaa" neno mitaa maana yake ni huku chini kote, kijiji cha ndani kabisa Kigoma nacho ni serikali ya mitaa japo hakina mtaa hata mmoja. Halafu mjini tena kuna ngazi inayoitwa mtaa, ina mwenyekiti na mtendaji, na sisi mtu akienda kuchukua barua ya utambulisho anasema "naenda serikali za mitaa". Matokeo yake mtu akisikia bajeti ya serikali za mitaa imepita bungeni anaanza kumwangalia mwenyekiti wake kwa jicho la tofauti, maskini ya Mungu na kale kadaftari kake.

Sasa TAMISEMI ni ofisi inayosimamia vyote viwili, ule mkono unaoshuka na hizi serikali zinazopanda. Ndo maana ya hako ka "na".

Kikoba chenye mtunza sanduku wa kuletwa

Ili uone ugumu uko wapi fikiria kikoba. Mnachangishana, mnachagua mwenyekiti wenu, kila Jumamosi mnakaa mnakubaliana nani akope na nani apigwe faini. Ila anayetunza sanduku hamkumchagua nyinyi. Ameletwa. Akiharibu mnaweza kulalamika, mkapitisha azimio, mkasusa kikao kabisa, lakini wa kumwondoa hayupo kwenye kikoba.

Hiyo ndo halmashauri. Madiwani wanachaguana mwenyekiti, au meya kama ni manispaa na jiji, lakini mkurugenzi ambaye ndo mtendaji mkuu na ndo mwenye kalamu ya hela anateuliwa na Rais. Wakuu wa idara nao ni watumishi wa umma wanaoweza kuhamishwa kesho kutwa kwenda mkoa mwingine. Watu wakisikia hivi wanasema basi halmashauri ni geresha tu. Hapana, tusikimbilie huko, maana sehemu kubwa ya hela kwenye hilo sanduku haijatoka kwa wanakikoba, mishahara ya walimu na wauguzi inatoka hazina kuu, na anayeweka hela nyingi siku zote atataka kuwa na mtu wake karibu na funguo. Unaweza usikubaliane naye lakini hesabu yake unaielewa.

Na pembeni ya kikoba anakaa mkuu wa wilaya, ambaye sio mwanachama wala sio mtunza sanduku, ila akikohoa wote mnageuka. Kwa sheria ya tawala za mikoa ya 1997 yeye na mkuu wa mkoa wanaweza hata kuamuru mtu awekwe ndani mpaka saa 48 kama anahatarisha amani. Sheria imeweka masharti yake hapo, ila tumeshaona hiyo nguvu ikitumika kwa mtumishi aliyechelewa kikao. Diwani hana hata robo ya hiyo, na diwani ndo aliyepigiwa kura.

Ilianzia kwa machifu

Ofisi kama hii haikuzaliwa Dodoma. Wajerumani waliendesha mambo kwa maakida na majumbe, Waingereza walipochukua nchi gavana wao Donald Cameron akaleta sheria ya 1926 iliyowapa machifu kazi ya kutawala huku chini, kukusanya kodi, kuendesha mabaraza, kwa niaba ya mkoloni. Yaani ile tabia ya "tawala kupitia mtu wa pale pale lakini funguo tunazo sisi" ni ya zamani kuliko nchi yenyewe. Mwaka 1953 ikaja sheria nyingine ya kuanzisha halmashauri zenye sura ya kisasa kidogo, zikaenea kwa kusuasua.

Kuelekea uhuru kukawa na wizara kamili ya serikali za mitaa. Rashidi Kawawa aliishika 1960 ikiwa pamoja na mambo ya nyumba, na baraza la uhuru la 1961 wizara ikawa kwa Job Lusinde. Kawawa mkumbuke, tutakutana naye tena hapa chini. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa, halmashauri za wilaya zikabaki na mzigo wote, shule za msingi, zahanati, barabara za vijijini, na mfukoni hamna kitu. Kodi ya kichwa iliyokuwa inawapa uhai ikafutwa 1969. Halmashauri ikawa kama baba mwenye nyumba aliyenyang'anywa mshahara akaachiwa watoto wote.

Halafu ikaja 1972 na hapa ndo pa kukaa kidogo, maana watu wengi hawajui kwamba kuna miaka nchi hii haikuwa na serikali za mitaa kabisa. Mwalimu Nyerere aliona maamuzi yote yanafanyika Dar es Salaam, mtu wa Rukwa kisima chake kinasubiri saini ya mtu ambaye hajawahi kufika Rukwa. Wakaletwa washauri, kampuni ya Marekani inaitwa McKinsey, ukatoka mpango wa Madaraka Mikoani. Kuanzia Julai 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa, za miji nazo zikafuata, kazi zao zikachukuliwa na wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, na usimamizi ukaenda Ofisi ya Waziri Mkuu. Waziri Mkuu nani? Kawawa. Yule yule aliyekuwa anazilea 1960 ndo alikuwa amekaa kiti cha juu zilipozikwa. Siasa ina utani wake.

Madaraka kweli yalikwenda mikoani, ila yalisafiri kwenye mabegi ya watumishi. Mwananchi hakukabidhiwa chochote, alibadilishiwa tu bosi kutoka wa mbali kuwa wa karibu. Na hili ndo kosa ambalo mpaka leo tunalirudia kwenye mazungumzo, mtu anasema "serikali imeshusha madaraka" kwa sababu ofisi imehamishiwa wilayani. Ofisi kukusogelea ni kitu kimoja, wewe kuwa na sauti ndani ya hiyo ofisi ni kitu kingine.

Mijini ndo palionyesha haraka kwamba mambo hayaendi. Mji unahitaji mtu wa kuzoa taka leo na kuzibua mtaro leo, huwezi kuandikia mkoa. Miji ikachakaa, mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikapita, na 1978 ikatungwa sheria ya haraka ya kurudisha halmashauri za miji. Yaani kilichofufua serikali za mitaa sio hotuba, ni uchafu. Mwaka 1982 zikapitishwa sheria tatu ambazo mpaka leo ndo msingi, ya mamlaka za wilaya, ya mamlaka za miji na ya fedha za serikali za mitaa, na 1984 halmashauri zikarudi kazini nchi nzima. Mwalimu mwenyewe mwaka huo huo akakiri waziwazi kwamba kuzifuta lilikuwa kosa ambalo asingelirudia, pamoja na lile la kuvunja vyama vya ushirika. Safari hii wakaziwekea na kufuli, zikaingizwa kwenye Katiba ibara ya 145 na 146, ambayo inasema lengo la kuwepo kwake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo anayetaka kuzifuta tena inabidi aguse Katiba kwanza.

Kwa babu, kwa shangazi, kwa babu tena

Sasa hili la kuhamahama. Baada ya kurudi 1984 usimamizi wake haukutulia sehemu moja, mara uwe wizarani na mambo mengine, mara Ofisi ya Waziri Mkuu. Chini ya Mkapa ndo tunaanza kuiona TAMISEMI tunayoijua. Kwanza ile sheria ya 1997 ikapunguza unene wa mkoa, wataalamu wengi wakashushwa halmashauri, mkoa ukabaki na sekretarieti ya kushauri na kusimamia badala ya kuendesha. Mwaka 1998 ikatoka sera ya maboresho na kuanzia 2000 ukaendeshwa mradi mkubwa wa kuzijenga halmashauri upya, watumishi wa zama hizo bado wanauita D by D (Decentralisation by Devolution, yaani kugatua madaraka) wakikumbuka na posho za semina. Miaka hiyo TAMISEMI ilikuwa Ofisi ya Rais, waziri akiwa Hassan Ngwilizi na naibu wake akiwa Mizengo Pinda.

Akaja Kikwete, mwanzoni mwa 2006 akaihamishia Ofisi ya Waziri Mkuu, Pinda akawa waziri wake mpaka alipokuwa Waziri Mkuu 2008, wakafuata Celina Kombani, George Mkuchika, Hawa Ghasia. Akaja Magufuli 2015 akairudisha Ofisi ya Rais, ikakaa huko mpaka Novemba 2025 Rais Samia alipoirudisha tena Ofisi ya Waziri Mkuu. Simbachawene, Jafo, Ummy Mwalimu, Bashungwa, Kairuki, Mchengerwa, wote hao wamepita pale ndani ya miaka kumi. Kiti cha moto kile.

Watu wanauliza, kuhama huko kunabadilisha nini kwangu mimi mwananchi? Kwa kuangalia harakaharaka hakuna. Halmashauri ni ile ile, sheria ni zile zile, hata jengo halihami, TAMISEMI imekaa Dodoma tangu zamani wakati wizara nyingi bado zilikuwa Dar zinakula upepo wa bahari. Ndo maana kuna barua zina OWM-TAMISEMI, ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na nyingine zina OR-TAMISEMI, ya Ofisi ya Rais, usidhani ni ofisi mbili, ni ile ile imebadilishiwa ubini. Kinachobadilika ni umbali wa simu. Ikiwa kwa Waziri Mkuu, ambaye kikatiba ndo msimamizi wa shughuli za kila siku za serikali, halmashauri inaonekana kama sehemu ya shughuli. Ikiwa kwa Rais inakaa chumba kimoja na yule anayeteua wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na wakurugenzi, yaani upande wa "tawala" unakuwa jirani na mwenye kalamu. Waziri wake ndo maana anaitwa Waziri wa Nchi, anakaa pale kwa niaba ya mwenye ofisi. Mimi naona hapo ndo utajua rais gani anazitaka halmashauri za namna gani, ukiangalia kaiweka wapi kabla hujasikiliza anasema nini.

Dar es Salaam ni mfano mzuri wa jinsi huo mkono unavyofika. Mwaka 1996 halmashauri ya jiji ilivunjwa, ikaletwa tume ya watu wa kuteuliwa chini ya Charles Keenja, na wakazi wa umri fulani bado wanaizungumzia vizuri, kwamba taka zilizolewa na mitaro ikapitika. Mwaka 2000 madiwani wakarudi na jiji likagawanywa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na halmashauri ya jiji ikawa juu yao, baadae zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Magufuli akaivunja ile ya jiji, akaipandisha Ilala kuwa ndo Jiji la Dar es Salaam. Watu walilala wakaamka wako jijini bila kuhama kitanda, na wa Kinondoni wakabaki wanaishi Dar es Salaam ambayo kiserikali sio jiji. Ukimweleza mgeni hilo hakuelewi, na wala sio kosa lake.

Unachopewa leo kesho kinachukuliwa

Kitu kingine kinachochanganya ni kwamba kazi za halmashauri hazitulii. Shule za sekondari zililetwa halmashauri mwishoni mwa miaka ya 2000, kabla ya hapo zilikuwa wizarani. Barabara za wilaya zilikuwa za halmashauri, 2017 zikapewa TARURA, ambayo ni wakala ulio chini ya TAMISEMI lakini hauko chini ya baraza la madiwani. Maji ya vijijini yakaenda RUWASA 2019, hiyo ni Wizara ya Maji. Kodi ya majengo ilikuwa tonge nono la manispaa, ikachukuliwa na TRA 2016, na tangu 2021 unakatwa kwenye LUKU ukinunua umeme hata kama wewe ni mpangaji, hilo nalo lina kesi zake kati ya mpangaji na mama mwenye nyumba tuliache.

Diwani wa leo anaenda kuomba kura kwa barabara ambayo sio yake na maji ambayo sio yake. Akiahidi lami anaahidi kitu kilicho kwenye bajeti ya mtu mwingine. Sio kwamba anadanganya kila mara, anaweza kupiga kelele kwenye baraza na kelele zikasaidia, ila kalamu hana. Alichobaki nacho cha kushikika ni kama ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne vijana na mbili watu wenye ulemavu, ambayo 2018 ikawekwa kwenye sheria ili mkurugenzi asiitoe akijisikia. Nayo ilisimamishwa 2023 vikundi hewa vilipozidi, ikarudi 2024.

Kwenye elimu na afya mgawanyo uko hivi, na ukiushika huu umeshapunguza nusu ya ugomvi wa mitandaoni. Wizara ya Elimu inatunga sera na mtaala, NECTA inatunga na kusahihisha mitihani, TAMISEMI inaendesha shule zenyewe na kuwapangia watoto kidato cha tano. Ukilalamikia TAMISEMI kwamba mtihani wa hesabu ulikuwa mgumu unampigia kelele mwenye basi kwa sababu ya foleni. Afya vivyo hivyo, zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ziko upande wa TAMISEMI, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Wizara ya Afya, ndo maana mgonjwa akipewa rufaa anakuwa kama amevuka mpaka wa nchi, mafaili hayamfuati.

Uchaguzi wa mitaa sio uchaguzi wa madiwani

Hili naliandika kwa msisitizo maana kila baada ya miaka mitano tunarudi pale pale. Diwani anachaguliwa siku moja na rais na mbunge, kama Oktoba 2025, na anayesimamia ni tume ya uchaguzi. Ule unaoitwa uchaguzi wa serikali za mitaa, Novemba 2019, Novemba 27 2024, ni wa wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa na wajumbe wao, na unasimamiwa na TAMISEMI kwa kanuni za waziri. Daftari lake pia sio lile la tume. Oktoba 2024 watu kibao walikataa kwenda kujiandikisha wakisema kadi ya kura ninayo, kumbe kadi haihusiki, pale unaandikwa jina mtaani kwako na hupewi hata karatasi.

Ugomvi wa nani asimamie ni halali kabisa na hauhitaji uwe na chama kuuelewa. Sheria ya tume huru ya 2024 iliitaja tume kwenye uchaguzi huu, ila kwa utaratibu utakaowekwa na sheria nyingine, na hiyo nyingine haikuwepo, kwa hiyo TAMISEMI ikaendelea, wapinzani wakapinga, wengine wakaenda mahakamani. Anayetetea anasema uchaguzi una vituo hadi vitongojini huko, zaidi ya 60,000, nani mwingine ana watu kila kona? Anayepinga anasema waziri ni mwanasiasa wa chama kinachogombea. Mimi niko na wa pili, ila wa kwanza hoja yake sio ya kuchekwa.

Halafu kuna mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe, balozi, sio serikali. Ni ngazi ya chama, imetoka TANU ikarithiwa na CCM, na tangu vyama vingi virudi 1992 haina nafasi kwenye muundo wa serikali za mitaa. Najua bado unaambiwa nenda kwa mjumbe kwanza, najua hata benki zingine zinauliza, mazoea yana miguu mirefu.

Na usichanganye mtaa na kijiji ukaona ni kitu kimoja cha mjini na shamba. Kijiji kina nguvu kisheria, kina halmashauri yake ya watu 15 mpaka 25, kina mkutano mkuu wa watu wazima wote, kinasimamia ardhi yake kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999. Mtaa hauna hiyo. Mwenyekiti wa mtaa akikugongea muhuri kwenye karatasi ya kununua kiwanja ameshuhudia tu kwamba mlikutana, hajakupa umiliki. Nimemuona jamaa anafungua bahasha ya khaki ameitunza miaka tisa kwenye kabati, ndani kuna karatasi moja ya daftari, saini nne na muhuri wa bluu wa mtaa, anaamini ana hati. Afisa ardhi akaishika kwa vidole viwili, akaisoma, akaikunja vile vile ilivyokuwa, akamrudishia.

Zanzibar nako usipeleke barua Dodoma, haya sio mambo ya muungano. Wao wana ofisi yao chini ya Rais wa Zanzibar, tawala za mikoa, serikali za mitaa na idara maalumu, na huku chini mwenye mtaa ni sheha anayeteuliwa, hapigiwi kura.

Tumalizie karavati. Barabara yetu sio kuu, kwa hiyo sio ya TANROADS, ni ya TARURA wilayani, na TARURA iko chini ya TAMISEMI, so kitaalamu mzee mstaafu na herufi zake kubwa alikuwa sahihi, nikamwambia kwenye grupu akajibu kwa emoji moja tu ya miwani. Ila hakuna anayeandikia Dodoma kwa karavati. Tuliitisha mkutano wa mtaa Jumapili, mtendaji akaandika muhtasari, nakala moja kwa mhandisi wa TARURA, nyingine kwa mtendaji wa kata iingie kikao cha kamati ya maendeleo ya kata ambapo mwenyekiti ni diwani, ili hata kama kalamu hana awe na karatasi ya kushika akisimama barazani. Barua zimeondoka Jumatatu. Karavati bado limeegemea pale pale, na kuanzia jana mke wa jirani ameanza kulianikia mashuka.